Kikopo Kinachokaa Kabla ya Spika



Nimekuwa kimya wiki mbili hizi kwa sababu nilikuwa Geita, na mahali nilipofikia mtandao unakuja na kuondoka kama mgeni mwenye haraka. Kilichonipeleka ni kazi, habari za wachimbaji wadogo, na hiyo nimeshaiandika kwa wanaonilipa. Ya leo siyo ya kazini. Leo nataka kuongelea kikopo kimoja kidogo ambacho kimekaa ndani ya redio za Watanzania kwa zaidi ya nusu karne, na ambacho kiliwahi kumfanya baba yangu akose mazishi ya dada yake.

Nianze na hilo la mazishi. Mwaka 2004 nilikuwa darasa la pili. Nyumbani kwetu, kijijini nje kidogo ya Shinyanga, tulikuwa na redio ya mbao ya betri sita ambayo baba aliinunua kabla sijazaliwa, kwa pesa ya pamba. Wa rika langu mnakumbuka: redio ilikuwa ya baba, betri za baba na kituo cha baba. Jioni ni Redio Tanzania, taarifa ya habari, halafu matangazo ya vifo. Wakati wa matangazo ya vifo hata sisi watoto tulikaa kimya bila kuambiwa. Kijiji hakikuwa na simu. Ndugu akifariki Tabora au Kigoma ulisikia jina lake redioni, pamoja na orodha ndefu ya wanaotakiwa kupata habari popote pale walipo, na ukisikia jina lako ndipo unaanza kutafuta nauli.

Basi redio ikaanza kubadilika sauti. Haikuzima. Ilikonda. Mtangazaji mwenye sauti nzito akaanza kusikika kama anaongea ndani ya debe, kisha kama mbu, kisha ikawa lazima uweke sikio kwenye kitambaa cha spika. Baba akaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Fundi akasema spika imekufa. Tukauza kuku, spika mpya ikafungwa, na redio ikaendelea kuongea kama mbu. Iliporudishwa kwake akasema basi, imezeeka.

Ni katika wiki hizo ndipo shangazi akafariki huko Urambo. Tangazo lilisomwa. Sisi tulikuwa na redio inayonong'ona ambayo hakuna mtu aliyekuwa akiisikiliza tena. Habari ilitufikia siku ya tano kwa abiria wa basi, na baba alifika Urambo watu wameshaanua matanga. Aliporudi hakusema kitu. Aliifunga redio kwenye kiroba akaiweka darini.

Safari hii nilipita nyumbani kabla ya kwenda Geita, nikakiona kile kiroba. Nikakiomba. "Chukua tu mwanangu," baba akasema, "ila haina faida hiyo."

Sasa Rwamgasa. Ukifika Katoro unaelekea kusini, na utajua umefika kwa kelele za makarasha kabla hujaona nyumba. (Wengine huandika Lwamgasa. Kwa Wasukuma r na l hazina ugomvi.) Maduara, mialo ya kuoshea, maduka ya vifaa, mama lishe, baa, vibanda vya video. Wasomi wa nje wanaijua kwa sababu ya zebaki: kati ya mwaka 2002 na 2007 shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, UNIDO, liliendesha mradi wa zebaki kwenye machimbo madogo ya nchi sita duniani, na kwa Tanzania eneo lake lilikuwa Geita, Rwamgasa ikiwemo. Wakaja watu wa kupima udongo, samaki na nywele za wachimbaji. Tangu hapo mgeni mwenye kalamu akionekana, wenyeji wanajua atauliza nini.

"Mwadila, mzee," nilimsalimia fundi mmoja mwenye kibanda karibu na barabara.

"Mwadila, mwanangu. Umekuja kwa ajili ya zebaki?"

"Hapana mzee. Nimeleta redio."

Akacheka mpaka akaweka chini bisibisi yake.

Alifungua kile kisanduku, akapuliza vumbi la miaka na miaka, na kabla sijamaliza kusimulia habari za kukonda kwa sauti akaweka ncha ya bisibisi juu ya kikopo cha buluu, kirefu kama kipande cha kidole gumba. "Spika hii ni nzima," akasema. "Na ile ya kwanza aliyoitoa yule fundi wenu ilikuwa nzima. Mgonjwa ni huyu." Juu ya kikopo imeandikwa 470. Akakichomoa, akakiweka kwenye mita yake, mita ikasoma 31. Hizo ni mikrofaradi, kipimo cha ukubwa wa kapasita, yaani inaweza kubeba umeme kiasi gani.

Nilikubali kwa kutikisa kichwa, lakini uso wangu ulinisaliti. Mzee akaamua kunifundisha, na somo lenyewe nitalieleza kama nilivyoliona kwa sababu sijawahi kulipata darasani, ingawa fizikia nilisoma.

Alichukua spika ya zamani na betri moja ya tochi. Kwanza aligusisha nyaya za spika moja kwa moja kwenye betri. Karatasi ya spika ikaruka mbele, tak, ikabaki imesimama kulekule mbele, kimya kabisa. Akaachia, ikarudi. "Umeona? Betri inasukuma upande mmoja tu, na haichoki. Spika imesukumwa, imekwama. Sauti hakuna, joto lipo."

Halafu akachukua kapasita nzima ya mikrofaradi 1000, akaiunga kwenye mmoja wa zile nyaya, ili umeme usiwe na njia ila kupitia kwake. Akagusisha betri. Tak, karatasi ikaruka, na mara ikarudi mahali pake yenyewe, ingawa nyaya bado ameshikilia kwenye betri. Akaachia, akagusisha tena. Kimya. Mara ya tatu, kimya. "Imeshiba," akasema. Kisha akaitupa betri pembeni na kuzigusanisha zile nyaya mbili zenyewe kwa zenyewe. Tak! Karatasi ikaruka, safari hii kwa kurudi nyuma. Na betri iko chini sakafuni.

Jamani, nilimwomba arudie mara nne.

Ukiielewa michezo hiyo miwili umemaliza nusu ya habari. Kapasita haipitishi umeme uliosimama. Inapitisha badiliko tu: umeme ukipanda inaruhusu, ukishuka inaruhusu, ukitulia inafunga mlango. La pili ni kwamba kilichoingia ndani yake hakipotei. Inakitunza, na ukiipa njia inakirudisha kwa kusukuma upande wa pili.

Sasa peleka hayo kwenye amplifaya ya kibanda cha video kinachotumia betri ya gari, voltu 12. Sauti ni mtikisiko, inataka kusukuma karatasi mbele na kuivuta nyuma. Lakini betri moja inajua kutoka sifuri kwenda 12 tu, chini ya sifuri haiendi. Wahandisi wakafanya ujanja: amplifaya ikiwa haina la kusema, sehemu yake ya kutolea sauti inakaa katikati, kwenye voltu 6. Sauti ikija inapanda kuelekea 12 na kushuka kuelekea 0. Ujanja mzuri, ila una bei. Ukifunga spika hapo moja kwa moja, spika inakaa na voltu 6 usiku na mchana hata wimbo ukiwa umesimama. Spika iliyoandikwa omu 8, koili yake ukiipima kwa umeme uliotulia inasoma kama 6 na nusu hivi. Piga hesabu: karibu ampea 1 inapita, na wati 5 na ushee zinageuka joto ndani ya waya mwembamba. Karatasi imekwama mbele, koili inaiva.

Ndiyo maana pale katikati kinawekwa kikopo. Unapowasha, kinakunywa zile voltu 6 mpaka kinashiba (ule mshindo wa "puu" unaosikia ukiwasha redio za zamani ni kikopo kinapiga funda lake la kwanza kupitia spika). Baada ya hapo kinatulia na voltu 6 tumboni. Amplifaya ikipanda hadi 10, tofauti ya voltu 4 inaifikia spika na kuisukuma mbele. Amplifaya ikishuka hadi 2, kikopo bado kina 6 zake, kwa hiyo spika inavutwa nyuma kwa voltu 4. Yaani katika nusu ya kila wimbi betri ya gari haiipi spika chochote. Anayeivuta spika nyuma ni kikopo, kwa akiba aliyowekewa nusu iliyotangulia. Ile tak ya mwisho ya mzee, ambayo haikuwa na betri, ndiyo hiyo.

Na ndiyo maana ukubwa wake una maana. Besi ni mtikisiko wa polepole, na kikopo kidogo kinajaa kabla wimbi halijamaliza kupanda, kinafunga mlango katikati ya safari. Mafundi wana hesabu yao: chukua 159,000, gawanya kwa omu za spika zilizozidishwa na mikrofaradi, utapata mitikisiko mingapi kwa sekunde ndiyo mpaka wa chini. Kikopo cha 1000 na spika ya omu 8, mpaka ni kama 20, chini kabisa ya sikio la binadamu. Cha 470 ni kama 42, kwa redio ya mbao inatosha na inabaki. Cha baba kilichobakiwa na 31, mpaka umepanda hadi 640 na zaidi. Sauti nzito ya mwanamume inaanzia kwenye mia na kitu. Kwa hiyo kila kilichomfanya mtangazaji awe mtu kilibaki ndani ya kikopo, na kilichovuka ni miluzi na s zake.

Hapo nikataka kujua nani alikiweka pale, na kwa nini. Nimetumia siku kadhaa baada ya kurudi kulisoma hilo, na historia yake imenishangaza, kwa sababu kikopo hakikuwepo tangu mwanzo.

Spika ya aina tunayoijua, yenye koili ndani ya sumaku na karatasi mbele, ilielezwa na Wamarekani wawili wa General Electric, Chester Rice na Edward Kellogg, mwaka 1925. Redio za wakati ule zilitumia valvu, zile taa za kioo. Valvu zinataka voltu nyingi na mkondo mdogo, spika inataka kinyume chake, kwa hiyo katikati iliwekwa transfoma ya kuwapatanisha. Na kwa kuwa transfoma nayo inavusha badiliko tu, spika ilikuwa salama bila kikopo chochote.

Redio ya kwanza iliyotengenezwa kwa makusudi kwa ajili ya Mwafrika wa kipato cha chini upande wetu huu ilikuwa ya valvu. Mwaka 1949 Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari ya Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), aliishawishi kampuni ya Ever Ready itengeneze redio ya bei nafuu ya betri kavu, ili watu wasikilize matangazo ya Lusaka. Ilitoka ikiwa ndani ya bakuli la chuma, watu wakaiita redio ya sufuria. Bei pauni 5, na betri yake peke yake ilizidi pauni 1. Valvu zina ulafi wa betri, lazima zichemke ndipo zifanye kazi. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951, wasikilizaji wengi wa Tanganyika walikuwa wale wanaosogea kwenye redio ya mtu mwingine.

Transista ilizaliwa Desemba 1947 katika maabara za Bell, na kufika 1954 redio ndogo ya transista, Regency TR-1, ilikuwa madukani Marekani. Transista haili betri vile na inaelewana na spika: voltu chache, mkondo wa kutosha. Lakini mazoea yana nguvu. Wahandisi waliendelea kufunga transfoma, mara nyingi mbili, moja kabla ya transista za mwisho na nyingine baada yake. Shaba, chuma, uzito, gharama.

Aliyeonyesha njia ya kuzitoa anaitwa Hung-Chang Lin, mhandisi mzaliwa wa China aliyekuwa kampuni ya RCA ya Marekani. Septemba 1956, katika jarida la Electronics, alieleza mpango wa transista mbili za mwisho zilizopandana moja juu ya nyingine, zinazopokezana kazi, na spika ikichukua sauti pale zinapokutana. Hapo ndipo penye nusu ya voltu za betri. Hapo ndipo kikopo kilipopata kazi yake.

Kikopo chenyewe kilikuwepo kinasubiri. Alumini ikipitishiwa umeme ndani ya maji ya dawa inajivika ngozi nyembamba sana isiyopitisha umeme, na Karol Pollak, Mpolandi, ndiye aliyeonyesha kwamba ngozi hiyo inaweza kutumika kutengeneza kapasita. Hiyo ni mwaka 1896. Kuanzia 1925, kwa mchango wa Samuel Ruben wa Marekani na wengine, ikawa kitu cha kuuza dukani: karatasi mbili za alumini, katikati karatasi ya kawaida yenye unyevu wa dawa, zote zimeviringishwa kama mkeka na kutiwa kwenye kopo. Ngozi ikiwa nyembamba, akiba inakuwa kubwa, na kopo linabaki dogo. Ila unyevu ule ndio uhai wake na ndio kifo chake. Miaka ikienda unakauka, na joto linaharakisha. Kanuni ya watengenezaji ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, umri wake unapungua kwa nusu. Fikiria redio iliyokaa miaka kumi na tano juu ya kabati chini ya bati la Shinyanga.

Kuna njia ya kukikwepa kikopo: kuwa na umeme wa pande mbili, chanya na hasi, ili katikati pawe sifuri ya kweli. Wenye umeme wa ukutani wanaipata kwa urahisi. Katika Ulaya na Marekani, watengenezaji wa vyombo vya muziki vya gharama walihamia huko, na kikopo wakakiona adui wa besi, kitu cha kuondolewa. Nimesoma maandishi yao, wanakizungumzia kama jiwe kwenye mchele. Lakini nchi yetu wakati huo ilikuwa inasikiliza kwa betri. Betri sita kwa mstari, au betri ya gari, ni umeme wa upande mmoja. Ukitaka bei ndogo na uzito mdogo bila transfoma, njia ni ile ya Lin pamoja na kikopo.

Na tulisikiliza kweli. Redio Tanzania ilichukua jina hilo mwaka 1965. Mwaka 1966 Matsushita ya Japani ikaanzisha kampuni yake Dar es Salaam, ikitengeneza betri na redio za National, na Philips nao wakawa na kiwanda Arusha. Mwaka 1973 ikaja Mtu ni Afya, kampeni ya kuchimba vyoo na kupambana na malaria: watu wapatao milioni 2 walikaa kwa vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadili, wakaenda kuchimba. Sidanganyi kwamba zote zilikuwa na kikopo. Ukizifungua redio za miaka ile unakuta za transfoma na za kikopo, pamoja. Lakini mwelekeo ulikuwa mmoja, na kufika zamani za aisi, ambapo amplifaya nzima inakaa kwenye kipande kimoja cheusi, kikopo kilikuwa kimeshinda. Aisi ya TDA2003, iliyojaa kwenye redio kaseti za magari, ilitoka kiwandani na maelekezo ya kuifungia kikopo cha 1000 mbele ya spika.

Mzee wa Rwamgasa alianza ufundi Mwanza kwenye miaka ya uhaba, baada ya vita vya Kagera. Vipuri havikuwepo. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, anasema mteja mmoja alimletea redio usiku ndani ya gunia la mihogo kwa kuogopa kuulizwa risiti. Mafundi waliishi kwa kuchuna redio zilizokufa. Kikopo cha 470 kikikosekana unaunganisha viwili vya 220 ubavu kwa ubavu, vinajumlika kuwa 440, na mteja hajui tofauti. "Siku hizi vijana wanatupa," akasema, akinionyesha kopo la maziwa ya unga lililojaa kapasita alizozichomoa tangu enzi hizo. Nyingi bila shaka zimeshakauka. Hazitupi.

Kilichomleta huku ni kile kilichowaleta wote. Mgodi wa Geita wa wakoloni ulifungwa mwaka 1966, ule mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000, na katikati hapo, biashara ilipolegezwa, wachimbaji wadogo walijaa. Penye dhahabu pana jenereta, betri za gari, kaseti, na watu wanaotaka muziki usikike kushinda karasha. Fundi hakosi kula.

Siku ya pili nikiwa pale alikuja kijana mwenye kibanda cha video, amebeba spika kubwa kifuani kama mtoto mgonjwa. Jioni ile kulikuwa na mpira, Simba na Yanga, na alishaweka ubao wa tangazo nje. Spika ilinuka. Karatasi ukiisukuma kwa kidole haichezi, koili imeungua na kuganda. Mzee akauliza amplifaya ni ya aina gani, kijana akataja ya kisasa ya kutumia betri.

Hizi mpya, ndugu zangu, nyingi hazina kikopo. Zinafunga amplifaya mbili, moja kila upande wa spika, moja ikipanda nyingine inashuka. Zote zinakaa kwenye nusu ya voltu, kwa hiyo spika haioni tofauti, inatulia. Kwa betri ileile unapata nguvu kubwa zaidi, na hakuna kopo la kujaza nafasi. Redio za magari zilihamia huko zamani, na vile vispika vya bluetooth mnavyotembea navyo ni ukoo huohuo. Ni ubunifu mzuri, siupingi. Lakini aisi ikifa vibaya upande mmoja, voltu zinakwenda kwenye spika moja kwa moja, hakuna mlango wa kufungwa. Vyombo vya gharama vimewekewa swichi ya kukata umeme hali hiyo ikitokea. Vya bei ya Katoro mara nyingi havina.

"Ingekuwa ya zamani," mzee akamwambia, "ingekufa aisi peke yake. Aisi ni elfu chache. Spika hii ulinunua kwa ngapi?"

Kijana hakujibu. Alikuwa anaangalia saa. Mzee akaingia ndani, akatoka na spika mbili ndogo za gari na amplifaya ya zamani yenye vikopo viwili vikubwa kama chupa za dawa ya kikohozi. "Besi ya kutikisa ukuta hutaipata. Utapata mtangazaji." Wakakubaliana kuhusu kurudisha kesho yake. Saa moja jioni nilipita pale, kibanda kimejaa hadi mlangoni.

Mimi naona wale wa Ulaya wako sahihi kwa nyumba zao. Anayenunua spika mara moja kwa miaka kumi, kwa pesa ya pamba au ya mchanga wa dhahabu, ana hesabu nyingine. Kwake besi iliyopungua kidogo ni nafuu kuliko koili iliyoungua. Lawama yangu kwa kikopo ni moja tu. Hakifi kwa kelele. Aisi ikifa unajua, spika ikiungua unanusa. Kikopo kinakonda taratibu kwa miaka, na lawama inakwenda kwa spika. Yule fundi wa mjini angegusisha kapasita nyingine ubavuni mwa ile ya zamani kwa sekunde tano tu, sauti ingerudi palepale na angejua. Mzee alifanya hivyo mbele yangu kabla hajachomoa chochote: sauti ya mtu ikatoka ndani ya sauti ya mbu.

Kikopo kipya hakikufika bei ya soda. Mzee aliangalia mara mbili kwamba chanya iko upande wa amplifaya na hasi upande wa spika, kwa sababu ukikigeuza kinachemka na kinaweza kupasuka, akakichomelea, akafunga mbao.

Niliifikisha nyumbani Jumapili. Baba alitia betri sita mwenyewe, akazungusha taratibu kwenye FM mpaka ikanasa kituo kimoja cha Mwanza. Mtangazaji alikuwa na kifua. Baba akakaa. Baada ya muda akauliza kama Redio Tanzania bado wanasoma matangazo ya vifo. Nikamwambia siku hizi inaitwa TBC Taifa, na kwamba sisi misiba tunaambiana kwa simu. Akasema, "Sawa." Akasikiliza hadi taarifa ya habari ikaisha, kisha akazima betri zisiishe.